Mtoto wa mbwa ana wiki tisa, video nimetazama mpaka bando limekata. Nimfuate nani?

MamaZulfa_Tanga:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo.

Nina swali na naomba msinicheke. Jumamosi iliyopita tumeletewa mtoto wa mbwa kutoka Pongwe, kaja ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu. Mama yake mbwa koko, baba inasemekana ni German Shepherd wa mlinzi wa shamba la mkonge, ila hilo la baba sikulishuhudia. Ana wiki tisa, rangi kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tumemwita Doria. Mume wangu anaendesha lori la safari ndefu, siku anazolala nyumbani zinahesabika, na mwezi wa nne wezi waliingia uani wakabeba pampu ya maji pamoja na sufuria langu la pilau. Ndiyo maana ya mbwa.

Sasa mimi sijawahi kufuga mbwa. Nikasema siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, ngoja nitazame. Jamani!

Wa kwanza ni jamaa mmoja wa Marekani, kifua mbele. Anasema mbwa ni mbwa mwitu, lazima ajue bosi ni nani. Aking'ata mlaze chali umkandamize mpaka atulie. Nikajaribu Jumapili. Doria alilia kwa sauti ambayo sikudhani kiumbe wa kimo kile anayo, akanikojolea mkononi, akakimbilia nyuma ya simtanki na hakutoka mpaka magharibi. Hadi leo nikimwinamia anajikunyata.

Wa pili ni dada mpole, mfukoni ana vipande vya kuku, mbwa akifanya jema anapewa. Huyo nilimpenda. Lakini ana vitu! Kizimba cha waya, uzio wa plastiki, kizulia cha kukojolea, na usiku mbwa analala naye kitandani. Kwangu mama mkwe anaswali sebuleni.

Wa tatu nilimtazama dakika 22 nzima. Anaahidi siri moja tu, na siri haisemwi, mpaka mwisho anataka dola 97. Dakika 22 za bando langu.

Nyumbani nako ni vurugu. Zulfa anamwambia "kaa", mdogo wake Idi "sit", bibi yao "keti wewe". Baba yao anapiga simu kutoka Tunduma: mchape na gazeti. Nani ana gazeti siku hizi?

Shida zangu ni hizi: ananing'ang'ania pindo la dera, anakojoa kwenye mkeka wa barazani, usiku analia. Kiingereza changu ni cha darasani na wale watu wanaongea kama cherehani. Sitaki mnifundishe mbwa wote leo. Nauliza tu, mtu anachaguaje video ya kufuata?

BabuKaputula:

Marahaba mwanangu. Mbwa wangu wa kwanza, mwaka 1971, alifundishwa kwa fimbo na ukoko wa ugali, simu haikuwepo, na kazi aliijua. Ila kwa kuwa umeuliza kwa adabu nitasema kweli: alimng'ata balozi wa nyumba kumi mara mbili. Kwa hiyo usinifuate mimi.

Buku_Moro:

Mama Zulfa, pole kwa bando. Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa Morogoro kwa wale panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Utasema panya na mbwa wapi na wapi. Subiri kidogo.

Panya huwezi kumlaza chali umwambie mimi ndiye bosi. Ukimtisha hafanyi kazi, basi, mchezo umekwisha. Pale kuna njia moja: kidude mkononi kinalia tik, halafu ndizi. Tik, ndizi. Akishaelewa kwamba tik maana yake ndizi inakuja, akisimama kwenye harufu inayotakiwa unapiga tik, akikosea, kimya. Hakuna anayechapwa. Magawa, yule aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi ya Kambodia, alizaliwa Morogoro na alisomeshwa hivyo. Alifichua mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita zaidi ya 100. Panya!

Sasa kuchagua. Nakupa kazi moja: zima sauti. Kabisa. Kiingereza usichokifuata kinawapoteza hata wanaokifuata, kwa sababu mwalimu mbovu mara nyingi ana mdomo mtamu. Mtazame mbwa, achana na mtu. Masikio kayalaza nyuma? Mkia kaufyata? Anajiramba pua hovyo, anapiga miayo wakati usingizi hana, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana pembeni? Huyo anaogopa, hata kama mwenye video anasema ametulia. Doria wako nyuma ya simtanki naye alikuwa "ametulia".

Halafu angalia kama mbwa wa kwenye video anakosea. Ukiona anapatia mwanzo mpaka mwisho, ujue kashafundishwa zamani. Unaoneshwa harusi, uchumba wameukata. Tafuta video yenye mtoto mdogo asiyejua kitu na mwalimu anayemngoja. Mimi huwapeleka watu kwa Emily Larlham, anayejiita Kikopup huko YouTube. Hata bila sauti unaona mkono wake unafanya nini na saa ngapi.

Na hilo la bosi lina historia. Mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliandika mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama waliofungiwa pamoja wakawa wanagombania ukubwa. Mtafiti Mmarekani David Mech akalieneza wazo hilo kwenye kitabu chake cha 1970. Baadaye alikaa miaka na mbwa mwitu wa porini kaskazini kabisa mwa Kanada, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao, na mwaka 1999 akaandika kusahihisha. Yule kifua mbele habari hazijamfikia.

Kidude cha tik huna, usinunue. Chagua neno moja, "ewaa!", kwa sauti ile ile, na dagaa afike ndani ya sekunde moja. Doria akikaa ukachelewa, ukampa ameshasimama, umemlipa kwa kusimama. Akikamata dera, ganda kama nguzo, usivute; akiachia, ewaa, dagaa, kisha mpe kitu chake cha kung'ata. Mko Tanga, kipande cha kamba ya mkonge hakikosekani.

DaktariMifugo_Arusha:

Nakubaliana na Buku_Moro isipokuwa kamba ya mkonge. Hapana. Zile nyuzi akizimeza zinaweza kuziba utumbo, na nimeshampasua mbwa kwa sababu hiyo. Mpe karoti nzima iliyokaa kwenye friji, inapoza fizi. Na dagaa wawe wasio na chumvi.

Video nyingi za ughaibuni hazigusi chanjo kwa kuwa kwao inachukuliwa imeshafanyika. Ukiona mtoto wa wiki tisa anatembezwa bustanini kati ya mbwa wageni, usiige. Virusi vya parvo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, vinakaa ardhini kwa miezi, na mitaani kwetu mbwa wengi hawajachanjwa. Chanjo ya parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa, akifika miezi mitatu. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka umri huo huo. Uliza alikotoka kama amepata chochote. Wakisema "nadhani", hesabu hajapata.

Lakini kumfungia ndani mpaka chanjo ziishe nako ni kosa. Umri wa kuizoea dunia unapita haraka, karibu wiki ya 12 hadi 14 mlango unakuwa umeshaanza kufungwa. Mbebe. Kapu la sokoni linatosha. Asikie mashine ya kusaga, bodaboda, azana, watoto wakitoka shule, mwavuli ukifunguliwa. Asishikwe na kila mtu, aone tu huku anakula dagaa.

Mkojo: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mtoe, mahali pale pale. Usimsugue pua kwenye mkeka, hajui unazungumzia nini. Kwa umri wake kubana kwa muda wa saa tatu ni kazi kubwa. Video za mkojo zinasema hayo hayo kwa dakika kumi, kwa hiyo okoa bando.

Na hili halina mjadala. Mtoto yeyote akikwaruzwa na meno ya mbwa asiyechanjwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa ataumwa.

BintiKisauni:

Mama Zulfa, salamu kutoka Mombasa. Nyumba yetu ni ya Waislamu na mbwa tunaye mwaka wa nne huu, kwa hiyo hapo kwa mama mkwe ndipo pangu.

Mbwa wa ulinzi ruhusa ipo, na Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwindia mliowafundisha. Kumfundisha mbwa si jambo lililokuja na YouTube. Shida yetu ni mate. Sisi Mashafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, na hakuna mwalimu wa video atakayekupangia siku yako kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo mimi kila video nauliza: hii naweza kuifanya bila kurambwa? Nyingi zinaweza. Dagaa usimpe mkononi, mtupie chini mbele ya miguu yake, au weka kwenye kifuniko cha ndoo. Tena inasaidia, maana anashusha kichwa badala ya kurukia nguo. Tenga dera moja la mbwa, lisivuke mlango wa uani.

Tafuta video za mbwa wa mashambani wanaolala nje, hawa wa kwenye sofa utapata kijicho tu. Kizimba cha waya sahau. Sisi tuliweka tenga kuukuu na gunia chini ya dirisha la jikoni, asikie sauti zetu. Usiku wa nne alinyamaza.

Hilo la kaa, sit na keti litawamaliza. Neno moja, nyumba nzima. Hata bibi.

MamaZulfa_Tanga:

Wiki tatu zimepita, nimerudi na majibu. Doria ametimiza wiki 12, parvo amechomwa mara mbili (alikotoka walisema "nadhani"), ya kichaa tumepangiwa wiki ijayo.

Ile ya kuzima sauti tulifanya mimi na Zulfa tumelala kifudifudi kwenye mkeka, simu imeegemea kikombe. Nikamwambia we hesabu miayo. Kwa yule kifua mbele, dakika nne, mbwa alipiga miayo sita na kujiramba pua mpaka Zulfa akapoteza hesabu. Akaniuliza, "Mama, kwa nini hakimbii?" Nikamwonyesha kamba. Tumemfuta. Tumebaki na mwalimu mmoja tu, video fupi fupi, napakua usiku bando likiwa la bei rahisi.

Tumeandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni: KAA, NJOO, ACHA, TOKA. Idi amelalamika siku mbili kisha akaacha. Mkojo barazani ni mara moja moja, hasa tukijisahau wakati wa tamthilia. Kujikunyata ndiko kumechelewa kuisha. Mpaka sasa nachuchumaa kwa ubavu, simwinamii, na juzi alikuja mwenyewe akaegemea goti. Nilibaki pale pale, mguu ukafa ganzi.

Mama mkwe bado anasema mbwa si wake. Alhamisi nimeingia jikoni kimya kimya nikamkuta dirishani na kibakuli, anatupa dagaa nje mmoja mmoja, "ewaa... ewaa..." Kuniona akasema anafukuza paka.

Dera anang'ata bado, ila lile la uani tu. Kilichobaki ni jogoo wa jirani. Akiwika saa kumi alfajiri, Doria anamjibu mpaka kunakucha. Kuna mwenye video ya hilo?

BabuKaputula:

La jogoo halihitaji video. Linahitaji lile sufuria lililoibiwa.