Mjadala: Chokoraa wa Nakuru akifika Eldoret ni wa nani?

Wadau, tuongee hii kitu bila kutukanana. Mji ukitaka kuonekana msafi kanjo, yaani askari wa kaunti, wanatoka usiku na lori, wanabeba watoto wa mtaani pamoja na magunia yao ya chupa za kuuza, asubuhi watu wanasema sasa town inapumua. Wamepelekwa wapi? Hakuna anayeuliza, bora hawalali tena kwa mlango wa duka lake.

Mnakumbuka Februari 2019, wale watoto na vijana waliotolewa Nakuru usiku wakatupwa msitu wa Chemususu kule Baringo, na baridi ya huko mnaijua, mpaka suala likafika Seneti. Watu walikasirika sana na walikuwa na haki. Lakini mimi naona hata bila lori tunafanya vile vile polepole, kijana akifukuzwa Nakuru anadandia trela hadi Eldoret, Eldoret wakimchosha anashuka Naivasha ama anaishia Nairobi. Hesabu ya 2018 ilipata watu 46,639 wa mtaani nchi nzima, Nairobi peke yake 15,337, na hao wote hawakuzaliwa Nairobi.

Msimamo wangu ni kaunti zinazopakana zishike hii kazi ya kusaidia watoto wa mtaani pamoja. Katiba kifungu cha 189 kinaziruhusu kuunda kamati ama mamlaka ya pamoja, kwa hivyo hakuna cha kungoja. Waanze na daftari moja, mtoto akipatikana Eldoret ijulikane Nakuru walishamwandikisha, aliacha shule darasa la ngapi, nani alikuwa anamsaidia kuacha kunusa gundi. Sai kila mji akifika anaanza upya, anaulizwa jina na anatoa lingine, kwa sababu ameshajua akitaja kwao atarudishwa kwa yule yule aliyekuwa anamchapa. Na kuna wengine wamezaliwa hapo hapo barabarani, huyo utamrudisha kwao wapi?

Wanaopinga wanasema Nakuru ikijenga kituo kizuri chokoraa wa kila mahali watajaa huko, na mama anayelipa ushuru wa soko amekosea nini. Hiyo hoja ina uzito. Ndio maana mji mmoja usijenge peke yake, pesa zimfuate mtoto, Baringo itoe za wake na Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, za wake. Kuna pia wanaosema kazi ya wote haina mwenyewe, na kweli Los Angeles kule Marekani jiji na kaunti waliunda mamlaka ya pamoja ya kusaidia wasio na makao 1993, halafu 2025 kaunti ikaamua kuondoa pesa zake baada ya wakaguzi kulalamika matumizi hayafuatiliki. Basi iandikwe mapema nani anashika hesabu na zikipotea nani anaenda nyumbani.

Wenye mko Eldoret, Nakuru, Ravine kule Baringo, mngekubali gavana wenu atenge pesa za mtoto ambaye leo analala mji wa jirani? Anayekataa aseme huyo mtoto aende wapi.