Chumba ninacholala kinatangazwa na dalali kwamba kipo wazi

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinateleza kwenye simu, nikikosea herufi mnivumilie.

Jana Jumamosi, saa tatu asubuhi, nimejifunga kanga, beseni la nguo liko mbele yangu, mlango unagongwa. Nafungua, nakuta kijana nisiyemjua, kandambili na miwani ya jua, na nyuma yake binti mwenye begi mgongoni na bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani. Kijana wala hanisalimii. Anamgeukia binti: "Ndiyo hiki. Masta, taili, maji ndani. Huyu anatoka mwisho wa mwezi."

Nikamuuliza, huyu nani?

"Si wewe, sista."

Wakuu, mimi sitoki popote. Nimelipa miezi sita, imebaki miwili, na ratiba ya vipindi vya semista ya pili nimeibandika ukutani juzi tu. Nikamwambia nionyeshe ulikotoa hiyo habari. Akafungua grupu la WhatsApp la vyumba vya wanafunzi. Picha ni zilezile nilizotumiwa mimi mwaka jana: chumba kitupu, rangi mbichi, dirisha la aluminiamu lenye ufa kwenye kona ya chini. Ufa huo nimeuziba na plasta mwenyewe, naujua kama kovu la mguuni kwangu. Chini ya picha: "Chumba masta Msewe, dakika 5 chuo, umeme unajitegemea, maji masaa 24, ndani ya fensi, 150,000 x 6. Kuonyeshwa 20,000." Na aliyeliweka tangazo ni dalali wangu mimi, yule aliyekula kodi ya mwezi mzima kwa kunitafutia hichohicho chumba. Huyu wa miwani ni kijana wake wa kutembeza watu. Kumbe madalali nao wana madalali.

Hapo ndipo nikaelewa mchezo mzima. Lile neno "anatoka mwisho wa mwezi" ndilo linaloingiza hela. Ukionyeshwa chumba chenye mtu huwezi kudai uhamie leo. Unaambiwa subiri. Ukisubiri wiki mbili unaambiwa yule mpangaji kaghairi, pole, kuna kingine Makongo, elfu ishirini nyingine. Na ile ya kwanza hairudi, kwa sababu ulilipa ya kuonyeshwa na umeonyeshwa. Mabinti watano kwa siku ni laki moja, na hajapangisha hata banda la kuku.

Sasa niwaeleze mimi niliingiaje, maana najua kuna watakaosema "ulikuwa wapi".

Mwaka wa kwanza hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikaa bwenini. Mwaka wa pili nikakosa. Siwezi kusema nilionewa, vitanda havitoshi, basi. Yale mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Aprili 2017 yanachukua watu 3,840, weka Mabibo, weka majengo ya zamani pale Mlimani, bado tunabaki maelfu nje. Wiki mbili nilibebwa na rafiki yangu, tunalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kwenye kitanda cha futi tatu, ikisikika sauti ya ukaguzi nakimbilia bafuni na shuka langu. Huwezi kusoma hivyo. Nikaingia mtaani kutafuta geto.

Hesabu ni hii. Bumu, yaani mkopo wa serikali wa kujikimu, ni 10,000 kwa siku, linaingia la siku 60 kwa mkupuo, yaani laki sita. Humo kuna kula, kulala, sabuni na bando. Chumba 120,000 kwa miezi sita ni 720,000. Dalali 120,000. Kuonyeshwa vyumba vitatu, 60,000. Jumla laki tisa, na sijanunua godoro. Hata ningefunga kula miezi miwili nisingeifikia. Baba kule Songea akauza mahindi aliyokuwa anayasubirisha hadi Februari ili bei ipande. Aliuza Novemba, kwa bei ya Novemba. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, na sijawahi kumwambia kwamba chumba chenyewe ndicho hiki.

Nilionyeshwa saa moja na nusu usiku. Dalali akasema mchana ana watu wengi. Tumefika, chumbani giza. "Umeme umekatika mtaa mzima, dogo, ngoja nikumulikie." Akawasha tochi ya simu, akamulika taili, akamulika bomba, akafungua maji, yakatoka. Wakati huohuo namsikia jirani anaangalia taarifa ya habari kwa sauti ya juu. Taarifa ya habari, wakuu! Mtaa mzima hauna umeme halafu jirani anatazama TV! Nilisikia kwa masikio yangu, sikujiongeza, nilikuwa nimechoka na bafu la watu.

Kumbe LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya upande wetu ilikuwa imeisha.

Na "umeme unajitegemea" maana yake ni kwamba nyumba inajitegemea na nyumba ya jirani. Sisi vyumba vitano, cha mama mwenye nyumba kikiwemo, tuko kwenye mita moja. Mama ana mafriza mawili, anauza barafu na juisi ya ukwaju, biashara nzuri, namuombea heri. Ila umeme tunachanga elfu kumi kila chumba, na chumba chake yeye kinahesabiwa kama kimoja cha hivyo vitano. Elfu hamsini inatoa kama uniti 140, na haijawahi kufika wiki mbili. Mtu mwenye mita yake, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, anaweza kuwekwa lile kundi la chini la uniti shilingi 100 kabla ya makato. Mimi nina taa, simu, kompyuta mpakato na feni, nisingefika hata nusu ya hizo uniti. Lakini kwa sababu ya mafriza tuko bei ya juu sote, elfu kumi uniti 28. Bado mwezi ukianza LUKU inanyofoa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo ni la mama. Kodi inatoka kwenye mchango wetu.

Nikamfuata kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza, polepole, kwamba labda yeye achangie vyumba viwili.

"Mwanangu, friza halili umeme kama hizo pasi zenu."

Sina pasi. Nanyoosha nguo kwa kuzilalia chini ya godoro.

Hizo "dakika 5 chuo" nimezipima kwa simu. Kwa miguu, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kipindi, kwa njia ya mkato, ni dakika 27. Na sasa masika yameanza ile njia ni mfereji, unavuka umebeba viatu mkononi. Nadhani dalali alipima kwa bodaboda inayokimbizwa na askari.

Jirani yangu, yule wa taarifa ya habari, ni fundi gereji, yuko upande wa pili wenye LUKU yake. Chumba chake na changu vimegawanywa na ukuta mmoja, ukubwa uleule, choo kilekile cha ndani. Analipa 80,000, na analipa kwa miezi mitatu. Nikamuuliza ulifanyaje? Akasema aliingia Agosti, vyuo vimefungwa, akaongea na mama mwenyewe. Yaani mimi napigwa elfu arobaini zaidi kila mwezi kwa kosa la kuwa na kitambulisho cha chuo. Na mkisema kodi ipangiwe kikomo, hiyo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilikuwepo zamani, ikafutwa mwaka 2005. Siku hizi bei ni mapatano, na mapatano kati ya mtu mwenye funguo na mtu anayelala mzungu wa nne mnajua yanaishaje.

Nilikwenda serikali ya mtaa. Mzee alinipokea vizuri, akaniuliza, mkataba uko wapi? Nikautoa. Karatasi moja ya duka la fotokopi, zile zinazouzwa zimeshachapwa, unajaza jina na kiasi. Akausoma wote kwa dakika moja kwa sababu hauna cha kusoma. Umeme haumo. Maji hayamo. Dalali hayumo. Kuna kipengele kinachokataza mpangaji kupigilia misumari ukutani. Akaniambia, "Binti, hapa mwenye haki ni ukuta." Nilicheka, nikaenda kulia njiani.

Jana baada ya yule wa miwani kuondoka nilimpigia dalali. Alipokea. Akaniambia nisipaniki, tangazo ni "sampo", anaonyesha tu aina ya vyumba alivyonavyo. Nikamwambia futa picha. Akasema picha ni zake, alizipiga yeye. Nikamwambia basi rudisha hela ya huyu binti uliyemleta. Simu ikakata. Nimepiga tena mara nne, sasa haiiti kabisa.

NYONGEZA, saa nne usiku: nimesoma majibu yenu, najibu kwa mafungu.

Mnaosema kapange Kimara au Mbezi bei chee: chee ya wapi? Daladala kwenda na kurudi kila siku ni hela, na mwanafunzi wa chuo hana nauli ya wanafunzi kama wa sekondari. Na mimi natoka maktaba saa tatu usiku. Nikifika kituoni saa nne na nusu nani ananisindikiza, ninyi?

Mnaosema ningemwagia yule kijana maji ya beseni: nilifikiria. Yalikuwa na jiki, nikaogopa kesi.

Mkuu unayesema dalali naye anakula bando na nauli na anatembea juani: sawa kabisa, sikatai. Rafiki yangu wa Makongo Juu alipata dalali mtu mzima, akamzungusha siku mbili, akachukua hela yake baada ya funguo kukabidhiwa, na taa moja ilipogoma akarudi na fundi. Huyo mpe mwezi wake, mpe na soda. Mimi ninachokataa ni hii ya kuonyeshwa inayolipwa kabla. Mtu akishalipwa kwa kuonyesha, chumba cha nini tena? Onyesha, nikikipenda ondoa hiyo elfu ishirini kwenye ya mwezi, nisipokipenda nikulipie boda yako. Atakayekataa hapo ana lake jambo.

Na aliyesema "ndiyo mjini, utazoea": kaka, mimi niko hapa mwaka wa pili. Nimezoea foleni, nimezoea joto, nimezoea kuitwa sista na mtu ambaye hata jina langu halijui. Mahindi ya baba sizoei.

Kuna dada kauliza kama inasaidia kwenda mchana. Dada, inasaidia sana, nenda mchana na urudi usiku. Mchana tazama ukuta kwa chini, kwangu rangi mbichi ilikuwa imeficha unyevu na sasa inabanduka kama magamba. Usiku washa taa mwenyewe. Omba namba ya mita, hesabu milango mingapi inaitegemea. Na muulize mpangaji wa jirani, dalali akiwa hayupo, analipa ngapi. Mimi ningemuuliza tu fundi gereji siku ile, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Mlioniuliza yule binti aliishia wapi. Yupo hapa. Mwaka wa kwanza, anakaa kwa mamdogo wake Chanika, anaamka saa kumi alfajiri awahi kipindi cha saa mbili, ameona hawezi tena. Alimtumia dalali elfu ishirini asubuhi, na boda elfu mbili. Yule wa miwani alipoona mambo yameharibika akasema anakwenda kuchukua vocha, hakurudi. Binti akabaki amesimama mlangoni na bahasha yake. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya udahili na picha nne za pasipoti, alikuwa amekuja tayari kusaini. Nikamkaribisha, nikaweka chai. Kitu cha kwanza alichouliza, akiangalia soketi yangu, ni "Dada, umeme unajitegemea kweli?"

Mvua imeshika tangu jana jioni, Chanika hakwendeki. Sasa hivi amelala, miguu yake iko kwenye mto wangu.

Kesho vipindi vyetu vinaisha saa nane. Tunakwenda Changanyikeni kwa miguu, nyumba kwa nyumba, tunapiga hodi wenyewe. Kama kuna mwenye nyumba humu, au unamjua anayepokea miezi mitatu, andika mtaa na bei hapahapa. Namba za simu msiweke hadharani, maana yule jamaa yumo humu na anasoma.