Redoni katika nyumba ya mama, Konde

BintiKonde:
Assalamu alaykum. Kaka yangu yuko Cornwall, Uingereza, kwenye miamba ya graniti. Alipotaka kununua nyumba aliambiwa aulizie kwanza redoni, gesi inayopanda kutoka ardhini. Sasa ananiuliza mimi: nyumba ya mama hapa Konde imepimwa? Ni ya matofali ya saruji, juu ya udongo mwekundu, sakafu ina nyufa. Mama analala huku chini, na tumemtilia kiyoyozi, basi madirisha hufungwa usiku kucha. Ana pumu. Nina wasiwasi naye sana.

MwalimuFizikia:
Waalaykumu ssalaam dada. Redoni haileti pumu. Madhara yake ni saratani ya mapafu, tena baada ya miaka mingi ya kuivuta.

Udongo wote una urani kidogo, madini yenye mionzi. Urani huzaa rediamu, rediamu huzaa redoni, isiyo na rangi wala harufu. Kila siku 3.8 nusu yake hugeuka vitu vingine vyenye mionzi, na hivyo ndivyo vinavyonata mapafuni. Nje upepo huipeperusha. Ndani hupenya kwenye nyufa na pembeni mwa mabomba, ikajikusanya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo. Nchi isiyoweza, isivuke 300.

Mwaka 1984 huko Pennsylvania, Marekani, Stanley Watras, mfanyakazi wa kinu cha nyuklia, alikuwa akipita kwenye kipima mionzi kazini kinalia, na kinu chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kazi. Mionzi ya redoni alikuwa akitoka nayo nyumbani kwake!

Lakini kule kwa baridi nyumba hupashwa moto, hewa ya moto ikipanda huivuta ya ardhini. Kwetu hilo halipo, na nyumba nyingi zinapitisha upepo. Kinachonishughulisha ni hicho chumba: kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ile ile, hakileti mpya. Mfungulieni madirisha asubuhi na jioni. Na je, kuna anayevuta sigara humo ndani? Sigara na redoni pamoja ni hatari kubwa zaidi.

FundiMaweni:
Dada, hizo nyufa zizibeni, na pale bomba linapotoboa sakafu pia. Anayeanza kujenga atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi, tena asikubali itoboke. Huku kwetu Makunduchi ni jiwe la matumbawe, ukichimba karo unakutana na pango. Hewa ya chini ina njia zake, msiseme mawe ni magumu hayapitishi.

BintiKonde:
Ahsanteni sana. Mjomba huvuta sebuleni. Leo namwambia atoke nje, kwa heshima lakini atoke.

Kupima je?

MwalimuFizikia:
Kuna kikopo kidogo chenye kipande cha plastiki ndani, hakitaki umeme. Kinawekwa chumbani miezi 3 kisha kinasomwa maabara. Waulizeni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kiwekeni chumba anacholala mama, mbali na dirisha na kiyoyozi, na muendelee kuishi kama kawaida.