Kundi dogo la ala za nyuzi: tuunganishe vipi klasiki na dansi?

Muulizaji, Iringa:
Ndugu wanamuziki, salaam. Sisi ni wanakwaya wanne wenye violini mbili, viola na selo, na tumeanza kualikwa kwenye harusi, ambako wazee huomba muziki wa dansi mara tu tunapomaliza kipande cha Mozart. Nyimbo zilizotungwa kwa magitaa tuzigawe vipi bila kupoteza ladha yake?

Jibu, Mbeya:
Ndugu yangu, kabla ya kuandika nota, yasikilizeni magitaa moja moja. Violini ya kwanza ichukue solo, violini ya pili na viola zishike rithimu kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, na selo, ambayo nyuzi zake ziko oktavu moja (yaani ngazi nane za sauti) chini ya zile za viola, ibebe besi. Wote wanne wakivuta upinde muda wote, mdundo huzama. Kronos Quartet, kundi lililoanzishwa Marekani mwaka 1973, lilirekodi albamu nzima ya kazi za watunzi wa Afrika, nayo ilitoka mwaka 1992, itafuteni.

Jibu, Njombe:
Naafiki, ila msiisahau ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, ambayo mpigaji huidonoa huku akiimba, kwani hapo mna mwalimu wa rithimu nyumbani kwenu. Tena, kutoka kwenye baridi ya nje na kuingia ukumbini hubadilisha sauti za nyuzi, hivyo fikeni mapema mzirekebishe upya.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Jumamosi tutaanza na selo ya kudonoa.