Fyuzi ya kioo, ya miguu bapa au kikata umeme: ipi inafaa pikipiki ya zamani?

KengeleYaChuma
Wakuu, naomba ulinganisho. Pikipiki ni Triumph ya 1971, volti 12, chanya ya betri iko kwenye fremu, fyuzi ni moja tu ya kioo karibu na betri. Inaungua ovyo, hasa wakati wa kukata kona. Je, niendelee na ya kioo, nifunge kiboksi cha fyuzi za miguu bapa, au niweke kikata umeme kinachojirudisha chenyewe?

Spana10
Mkuu, kwanza itazame fyuzi iliyoungua. Kioo kikiwa na doa jeusi au kimeng'aa kama kioo cha kujitazama, hiyo ni shoti. Waya ukikatika katikati na kioo kikabaki safi, mzigo ulizidi kidogo kwa muda mrefu. Risasi ya kulehemu ikiyeyuka kwenye kofia ya chuma ya mwisho wa fyuzi, joto linatoka kwenye vibanio vilivyolegea au kushika kutu. Kuungua kwenye kona kunaashiria shoti, na shoti haiponi kwa kubadilisha aina ya fyuzi.

Chukua balbu ya volti 12, wati 21, iunganishe mahali pa fyuzi. Chomoa waya wa koili (inayozalisha cheche za plagi), toa balbu za taa zote, kisha washa swichi zote ili nyaya ziwe na umeme. Balbu ya kupimia ikiwaka kikamilifu, umeme unavujia kwenye fremu. Kwa kuwa inapitisha chini ya ampea 2, waya hauungui hata ukitafuta taratibu. Usiruke hatua ya kutoa balbu za taa: zikibaki, ya kupimia itawaka tu na utatafuta shoti ambayo haipo.

Zungusha usukani kutoka ukomo mmoja hadi mwingine. Tikisa nyaya shingoni (pale usukani unapozungukia kwenye fremu), chini ya tanki, na pale waya wa taa ya nyuma unapopenya madigadi.

MkonoWaRisasi
Naongeza jambo linalounguza nyaya za pikipiki nyingi za Uingereza. Fyuzi ya Lucas (kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki hizo) iliyoandikwa 35 maana yake inakatika kwenye ampea 35. Mzigo wa kudumu ni nusu yake, 17.5. Fyuzi za Kijapani na Kimarekani huandikwa mzigo wa kudumu. Ukiweka ya 35 ya aina hiyo, waya mkuu wa milimita mraba 2, unaobeba ampea 17.5, utaanza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika. Fyuzi inalinda waya, hailindi taa.

Piga hesabu: taa ya mbele wati 45, ya nyuma 6, ya breki 21, jumla 72, sawa na ampea 6. Koili mbili, platini zote (swichi ndogo zinazowasha na kukata umeme wa koili) zikiwa zimefunga, ongeza takriban 6. Hapo fyuzi ya mzigo wa kudumu wa ampea 15 inatosha.

NyayaNyekundu
Kikata umeme kinachojirudisha sikishauri kabisa. Shoti ikidumu, kinakata na kurudisha, kinakata na kurudisha, na kila mara waya unapashwa moto chini ya tanki la petroli. Cha kurudisha kwa mkono ni afadhali, ila hakikuachii ushahidi kama ule wa kioo.

Miguu bapa naiunga mkono kwa sababu inashika vizuri kwenye mtikisiko, na unaweza kugawa njia: kuu ya 15 jirani na betri, koili 10 kwa waya wa milimita mraba 2, taa 7.5, honi na indiketa 7.5. Taa zikipiga shoti, injini inaendelea kuwaka. Usiku hilo ni jambo kubwa.

Kumbuka kwenye mfumo wako fyuzi kuu inakaa kwenye waya wa hasi, na nyaya nyekundu za Lucas ndizo za ethi, yaani zinazoungana na fremu. Wengi huzichukulia kuwa za moto, yaani zenye umeme.

KengeleYaChuma
Doa jeusi lipo. Balbu inawaka usukani ukifika mwisho wa kushoto.

Spana10
Basi ni shingoni. Fungua mkanda wote wa nyaya hapo, usiufunge tu juu. Kata sehemu iliyochubuka, unga kipande cha unene uleule, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Acha mkunjo wa ziada ili usukani usivute nyaya, weka mpira penye ukingo wa chuma, kisha rudia jaribio la balbu pande zote mbili.

MkonoWaRisasi
Ukibaki na kishikio cha zamani cha fyuzi, pima volti kwa mita kati ya ncha zake mbili taa zikiwa zimewaka. Volti 0.1 ikizidi, safisha vibanio au vibadilishe. Na siku fyuzi ikiungua ufunguo ukiwa umezimwa, chomoa rektifaya kwanza (kifaa chenye diodi, yaani vipitishio vya umeme wa upande mmoja, kinachonyoosha umeme wa kuchaji betri): diodi iliyokufa hupitisha umeme pande zote mbili, na betri iliyofungwa kinyume huiua papo hapo.