Hasara imeganda kwenye 2.303, mtandao wa neva haujifunzi

tabaka_tatu

Wakuu, naomba mnisaidie kuangalia hili. Zoezi la kozi ya akili mnemba, ngazi ya uzamili, linataka mtandao wa neva uandikwe kwa NumPy tupu (maktaba ya hesabu ya Python). Maktaba zinazokokotoa zenyewe gradienti (kiasi ambacho kosa hubadilika uzito ukiguswa) haziruhusiwi. Data ni CIFAR-10 (picha ndogo za rangi za madaraja 10): zinaingia pikseli 3072, linafuata tabaka la neva 512, kisha 256, mwisho madaraja 10 kupitia softimaksi (inayogeuza namba kuwa uwezekano unaojumlisha hadi 1). Katikati ni ReLU (inayogeuza namba hasi kuwa sifuri).

Uzito wote unaanza kwa namba za nasibu zilizozidishwa kwa 0.001, bayasi (namba inayoongezwa kwa kila neva) ni sifuri. Fungu la kila hatua ni picha 64, kasi ya kujifunza 0.001, hakuna momenta (kubeba mwendo wa hatua zilizopita), L2 (adhabu ya uzito mkubwa) ina lambda ya 0.001. Pikseli zimeshatolewa wastani na kugawanywa kwa mkengeuko sanifu.

Hasara (kipimo cha ukubwa wa kosa) inaanza 2.303. Baada ya mizunguko 5 (kupita data yote mara 5) bado ni 2.303, tarakimu ya nne baada ya nukta ndiyo pekee inayotikisika. Usahihi unacheza kwenye 10%. Je, tatizo ni msimbo wa kurudi nyuma (unaokokotoa gradienti kuanzia tabaka la mwisho) au ni mipangilio? Na ninaanzia wapi kutafuta, maana mistari yote inaonekana sawa?

nukta_elea

Hiyo 2.303 ni ujumbe, isome kwanza. Logi asilia ya 10 ni 2.3026. Mtandao wako unatoa uwezekano wa 0.1 kwa kila daraja, yaani unabahatisha bila upendeleo. Ungeona 4.605 kwenye data ya madaraja 100 ungejua ni ugonjwa uleule.

Sasa fuata ukubwa wa namba tabaka kwa tabaka, karatasi na kalamu tu. Pikseli zina mkengeuko wa takriban 1. Tabaka la kwanza linajumlisha vitu 3072, kila kimoja kikiwa kimezidishwa kwa uzito wa 0.001 hivi, kwa hiyo linatoa mkengeuko wa mzizi wa 3072 mara 0.001, sawa na 0.055. ReLU inafuta upande hasi, nusu ya nguvu inapotea. Tabaka la pili linatoa karibu 0.0009. La tatu linatoa 0.00001. Hizo ndizo logiti zako, namba zinazoingia kwenye softimaksi! Softimaksi ikipewa namba kumi zinazotofautiana kwenye tarakimu ya tano, itarudisha 0.1 kumi.

Safari ya kurudi ni mbaya vilevile, kwa sababu kosa linazidishwa kwa uzito uleule mdogo. Likifika tabaka la kwanza, gradienti ya W1 (uzito wa tabaka hilo) ni kama milioni moja ya 1. Zidisha kwa kasi ya 0.001, hatua yako ni 0.000000001 dhidi ya uzito wa 0.001. Mizunguko 5 ni hatua 3,910, kwa hiyo hata zote zingesukuma upande mmoja (na hazisukumi), uzito ungesogea kwa asilimia 0.4. Cha kuchekesha ni kwamba L2 yako inavuta uzito kurudi sifuri kwa kiasi hichohicho kila hatua. Wanavutana kamba na hakuna anayeshinda.

Dawa ni kuanzisha uzito kwa kanuni ya He ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa ajili ya ReLU: mkengeuko uwe mzizi wa 2 gawanya kwa idadi ya vinavyoingia. Kwako W1 inapata 0.0255, W2 inapata 0.0625, W3 inapata 0.088. Hasara itaanza juu kidogo, karibu na 3, usishtuke. Ukitaka ianzie 2.303, punguza W3 peke yake mara kumi. Kisha pandisha kasi iwe 0.01 na uongeze momenta ya 0.9.

haraka_haraka

Badilisha tu kanuni ya kusasisha uzito iwe Adam yenye kasi 0.001. Itaanza kushuka dakika hiyohiyo, mambo ya He utayasoma baadaye.

Mzee_wa_Jakobiani

Itashuka kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Adam inagawanya kila gradienti kwa ukubwa wake yenyewe, kwa hiyo gradienti ya milioni moja ya 1 inapewa hatua sawa na gradienti ya 1. Kinga pekee ni ile epsiloni, namba ndogo ya 0.00000001 inayoongezwa kwenye kigawanyi, na gradienti za hapa bado ni kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo inaficha uanzishaji mbovu, na inaficha pia kosa la kusahau kugawanya kwa N (idadi ya picha kwenye fungu). Kwenye zoezi ambalo lengo lake ni kuthibitisha hisabati ya kurudi nyuma, Adam iwe ya mwisho kuingia.

tabaka_tatu, hoja ya nukta_elea inaeleza kuganda, lakini haithibitishi kwamba gradienti zako ni sahihi. Hayo ni maswali mawili. La pili linajibiwa kwa kulinganisha na tofauti za namba: ongeza 0.00001 kwenye uzito mmoja, kokotoa hasara, punguza 0.00001, kokotoa tena. Tofauti gawanya kwa 0.00002. Linganisha na gradienti ya msimbo wako.

Usifanye hivyo kwenye mtandao mzima. Una vigezo 1,707,274, na kila kimoja kinataka kupita mara mbili. Tengeneza mtoto wake: vinavyoingia 12, neva 8, neva 6, madaraja 3, mifano 5. Hapo vigezo ni 179 na kazi inaisha kabla hujainua kikombe. Tumia namba za biti 64. Za biti 32 zina tarakimu kama saba tu za uhakika, na ukitoa hasara mbili zinazokaribiana sana unabaki na takataka.

Kipimo ni tofauti gawanya kwa kubwa kati ya hizo mbili. Ikiwa chini ya 0.0000001, pita. Ikiwa 0.01, kuna kosa, usijidanganye. Katikati yake chunguza: ReLU ina kona kwenye sifuri, na ingizo likiwa karibu mno na kona, kuongeza na kupunguza kunaangukia pande tofauti. Hilo linatokea kwa vigezo kimoja kimoja. Tabaka zima likikosea, usisingizie kona.

Kuna ukaguzi mwingine wa bure kabisa. Jumlisha kila mstari wa dZ3 (gradienti ya logiti), jibu liwe sifuri, kwa sababu softimaksi inajumlisha hadi 1 na lebo inatoa 1. Wengi huandika `dZ3[:, y] -= 1` wakidhani wanatoa 1 kwenye daraja sahihi la kila picha. Mstari huo unatoa 1 kwenye safu wima nzima za kila daraja lililotajwa ndani ya fungu, kwa picha zote. Kwenye picha 64 karibu madaraja yote kumi yametajwa, hivyo logiti zote zinasukumwa juu pamoja bila kitu cha kuzizuia, mpaka hasara inakuwa nan (si namba tena). Sahihi ni `dZ3[np.arange(N), y] -= 1`.

tabaka_tatu

Asanteni sana. Baada ya He na momenta hasara inashuka vizuri. dZ3 inajumlisha sifuri.

Ila ulinganisho wa gradienti umenichanganya. Bayasi zote tatu zinapita, kosa ni kama 0.000000001. W1, W2 na W3 zote zinatoa kati ya 0.001 na 0.01. Ikiwa kurudi nyuma kumekosewa, mbona bayasi ziko sawa?

Mzee_wa_Jakobiani

Umejijibu. Kosa linalopita kwenye bayasi za tabaka la kwanza limeshasafiri kupitia W3, W2 na ReLU zote mbili. Likifika salama, njia ya kurudi ni nzima. Kilichobaki ni kitu kinachogusa uzito na hakigusi bayasi, nacho ni L2. Angalia kama hasara yako inaongeza lambda mara jumla ya W mraba huku gradienti ikiongeza lambda mara W. Mraba ukishuka unaleta 2. Ama uandike nusu kwenye hasara, ama 2 kwenye gradienti. Weka lambda sifuri urudie. W zikipita, mwizi ni huyo.

tabaka_tatu

Ni yeye. 2 ilikuwa imesahaulika.

Sasa nina swali la mwisho. Baada ya mizunguko 40, usahihi wa mafunzo ni 93% na wa mtihani ni 53%. Nimejaribu kasi sita tofauti na hiyo ndiyo bora. Bado kuna kosa mahali?

kariri_kwanza

Kosa lipo, ila haliko kwenye mtandao. Umesema umejaribu kasi sita ukachagua iliyo bora kwa namba za mtihani. Basi zile picha 10,000 si mtihani tena, zimeshiriki kuchagua. Kata picha 5,000 kutoka kwenye zile 50,000 za mafunzo ziwe za uhakiki, chagua kila kitu kwa hizo, na mtihani uguse mara moja tu unapoandika ripoti. Wastani na mkengeuko wa pikseli navyo vitoke kwenye picha 45,000 zilizobaki, halafu uvitumie vilevile kwa uhakiki na mtihani.

Kuhusu 53%: kwa mtandao wa matabaka yaliyounganika yote kwa yote, usahihi wa 50 hadi 55 kwenye CIFAR-10 ndio wa kawaida. Mtandao huo haujui kwamba pikseli mbili ni jirani. Ungechanganya mpangilio wa pikseli kwa namna ileile kwenye picha zote, ungepata matokeo yaleyale. Vigezo milioni 1.7 mbele ya picha 45,000 lazima vikariri. Ukitaka kupunguza pengo, simamisha mafunzo pale hasara ya uhakiki inapoanza kupanda, au pindua picha kushoto kulia kwa nasibu. Kupita 70% kwa kawaida kunataka konvolusheni (vichujio vinavyopita juu ya pikseli jirani).

Ukifika kwenye konvolusheni angalia mpangilio wa data. Kila mstari wa CIFAR-10 una thamani 1024 za nyekundu, kisha 1024 za kijani, kisha 1024 za bluu. Ukiubadili moja kwa moja kuwa 32 × 32 × 3 unapata uji wa rangi. Badili kwanza kuwa 3 × 32 × 32, halafu sogeza mhimili wa rangi uende mwisho. Mtandao wako wa sasa haujali, kwa hiyo kosa hilo linaweza kukaa kimya zoezi zima na kukuumbua kwenye linalofuata.

Kitu kimoja ambacho hakijatajwa: jaribio la kukariri. Chukua picha 20, zima L2, funza mpaka hasara iwe chini ya 0.01. Ikigoma, msimbo ni mbovu na hakuna kasi itakayouokoa. Lifanye kabla ya kufunza data yote, linachukua sekunde. Lakini lijue udhaifu wake. Ukichanganya mpangilio wa picha bila kuchanganya lebo pamoja nazo, na ukafanya hivyo mara moja mwanzoni, mtandao utakariri picha 20 zenye lebo za uongo bila shida na jaribio litapita. Kwenye data yote uhakiki utabaki 10%. Hilo linakamatwa kwa macho tu: chora picha tisa kutoka ndani ya fungu lenyewe, baada ya kuchanganya, na lebo chini yake. Chura akiitwa lori, umepata.

nukta_elea

Naongeza la ripoti. Rudia mafunzo kwa mbegu tatu za nasibu (namba zinazoanzisha unasibu) na uandike zote tatu, si ile bora. Tofauti ya nusu asilimia kati ya kasi mbili kwa mbegu moja haina maana. Na chora uwiano wa ukubwa wa hatua dhidi ya ukubwa wa uzito kwa kila tabaka. Ukizunguka 0.001 uko pazuri, na ule wa mwanzo uliokuwa milioni moja ya 1 uweke kwenye mchoro huohuo, kwa mhimili wa logi. Msahihishaji ataona mara moja kwa nini 2.303 iliganda, bila wewe kuandika aya tatu.

haraka_haraka

Sawa, Adam naiondoa. Ila swali: nikitoa kubwa kuliko zote kwenye logiti kabla ya kupandisha kipeo, gradienti inabadilika?

Mzee_wa_Jakobiani

Haibadiliki. Kutoa namba ileile kwenye logiti zote za mstari mmoja kunaghairiana juu na chini ya sehemu. Fanya hivyo kila mara: kwa biti 32 kipeo kinafurika logiti ikifika 89, kwa biti 64 ikifika 710. Na unapotoa tumia `keepdims=True`. Bila hiyo kubwa zinarudi kama orodha ya urefu N; N ikiwa tofauti na 10 NumPy inalalamika na unapona, ila ikitokea N ni 10 inatoa kwa safu wima badala ya mstari, kimya kimya. Kwa hiyo usijaribu msimbo kwa fungu la picha 10. Chukua 7.