Ufaulu wa kidato cha nne umepanda, mahudhurio nayo yamepanda: tunapimaje kama ni kweli?

MtaalumaWaKata
Habari za leo wadau wa elimu. Shule ni ya kata, ya kutwa, mchanganyiko. Matokeo ya kidato cha nne yamepanda miaka miwili mfululizo, sifuri (daraja la waliofeli) zimepungua, na rejesta zinaonyesha wastani wa mahudhurio umevuka asilimia 90. Bodi ya shule inataka taarifa fupi: nini kimebadilika, na tufanye nini tusirudi nyuma. Naomba msaada kwa mambo mawili. Takwimu zipi niziweke ili taarifa isimame mbele ya mjumbe anayejua kuuliza? Na nguvu ya mwaka huu iende wapi, kambi za masomo za kidato cha nne au kufuatilia watoro wa vidato vya chini? Walimu wa Hisabati ni wawili tu. Nawasilisha.

Kokotoa
Hongera Mwalimu, sifuri kupungua si jambo dogo. Ila kabla ya asilimia, bodi ione idadi ya vichwa. Ufaulu unaobandikwa ubaoni hugawanywa kwa waliofanya mtihani, si kwa walioanza kidato cha kwanza.

Mfano wa kukokotoa tu: kundi moja waliingia 150, wakafanya mtihani 110, wakafaulu 80. Hiyo ni asilimia 73. Kundi lililofuata waliingia 160, wakafanya 95, wakafaulu 76, yaani asilimia 80. Watu watapiga makofi. Sasa gawanya kwa walioingia: umeshuka kutoka asilimia 53 hadi 47 na nusu, na watoto 65 hawakufika chumba cha mtihani.

Kwa hiyo kila kundi liwe na mstari wake: walioandikishwa kidato cha kwanza, waliohamia, waliohama, waliokariri baada ya upimaji wa kidato cha pili, waliosajiliwa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), waliofanya. Ukurasa wa matokeo wa kituo chenu unaonyesha kwa kila somo waliosajiliwa na waliofanya. Usiipite tofauti hiyo. Na anayeitwa "amehama" bila barua ya uhamisho mhesabu mtoro mpaka ithibitike yuko shule nyingine. Hapo ndipo watoto wengi hupotelea kwenye karatasi.

Mwl_Rejesta
Nakazia hapo. Wastani wa mahudhurio nao unaficha. Darasa la watoto 100: 90 wanakuja kila siku, 10 wanakuja siku moja kati ya tano. Wastani unatoka asilimia 92, na wale kumi wameshaacha shule bila kufutwa. Badala ya wastani, toa orodha ya majina ya waliokosa zaidi ya asilimia 10 ya siku za muhula. Asilimia 10 ni siku moja tu kila wiki mbili, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hashtui mtu yeyote mpaka umhesabu.

Jambo la pili ni saa ya kuita majina. Rejesta inajazwa asubuhi, na utoro wa shule za kutwa mara nyingi huanza baada ya mapumziko. Tumieni jarida la darasa ambalo mwalimu anasaini kila kipindi. Ongezeni safu moja ya idadi ya waliopo, na ijazwe mara tatu: kipindi cha kwanza, cha kwanza baada ya mapumziko, na cha mwisho. Monita anahesabu, mwalimu anathibitisha kwa macho kabla ya kusaini. Ikiwa asubuhi ni 48 na kipindi cha mwisho ni 31, rejesta yenu ya asilimia 90 haina maana. Panga pia kwa siku ya wiki. Penye gulio au mnada utaona shimo siku ileile kila wiki, na hilo linazungumzwa na serikali ya kijiji, si kwa kumpigia mzazi mmoja mmoja.

Ufuatiliaji uwe na ngazi zenye tarehe. Siku ya kwanza, mwalimu wa darasa ampigie mzazi kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya tatu, barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya tano, mwalimu mlezi afike nyumbani, au kwenye chumba alichopanga mtoto kama anaishi geto. Ikishindikana, mtendaji wa kata na afisa elimu kata. Shule nyingi huruka mpaka ngazi ya mwisho baada ya mwezi, wakati mtoto ameshapata kibarua.

Na tafadhali, aliyechelewa aingie darasani. Akifyekeshwa majani vipindi viwili, kesho akichelewa hafiki kabisa, anageukia njiani.

PointiSaba
Swali la kambi linajibiwa kwa hesabu ya pointi. Divisheni inatokana na jumla ya pointi za masomo saba bora, na pointi chache ndizo nzuri: A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Mwenye D moja na F sita ana 34, ni sifuri. D mbili na F tano ni 33, divisheni ya nne. C moja na F sita pia ni 33. Kwa hiyo kumtoa mtoto sifuri ni suala la D moja ya pili, na D inaanza alama 30. Chukua matokeo ya mtihani wa utimilifu (mock), weka alama kwa waliopata 25 hadi 29 katika somo lolote. Hao kambi inawafaa.

Lakini msiishie hapo, maana divisheni ya nne haifungui mlango wa kidato cha tano. Divisheni ya tatu inaishia pointi 25, na C tatu pamoja na D nne ni 25 kamili. Akipata F ya Hisabati nayo ikaingia kwenye saba zake, zile C tatu hazitoshi tena; anahitaji C nne na D mbili. Kwa hiyo tafuta pia waliopata 40 hadi 44, maana C inaanza 45.

Sasa Hisabati haiokolewi na kambi ya wiki sita. Mtoto aliyekosa wiki mbili za kutafuta vigawo vya aljebra kidato cha pili atanakili milinganyo ya kipeo cha pili bila kuielewa hadi siku ya mtihani. Mngekuwa na walimu watano ningesema gawanyeni sawa. Kwa wawili, aliye hodari zaidi wa kufundisha wanaoanza abaki kidato cha kwanza na cha pili. Najua wakuu wengi hufanya kinyume.

Kambini fanyeni kazi ya kusoma maagizo ya swali. Aliyeambiwa atofautishe akaeleza kimoja kimoja amepoteza alama za kitu anachokijua. Maswali yako kwa Kiingereza, kwa hiyo kila somo liwe na orodha yake ya vitenzi vya maagizo, na mtoto aonyeshwe jibu la kila kimoja linavyokaa.

Mama_Kamati
Natofautiana kidogo na mpangilio wa watangulizi, maana mmeacha tumbo mwisho. Anayetembea saa moja na nusu bila kula hawezi kuwepo kipindi cha mwisho, hata ukisaini jarida mara kumi. Hesabu ya dona: gramu 150 kwa kichwa kwa siku, mara siku 190, ni kilo 28 na nusu, yaani debe moja na nusu hivi la mahindi kwa mwaka, mbali na maharage. Kusanyeni wakati wa mavuno, si Januari ghala la mzazi likiwa tupu. Kikao cha wazazi ndicho kiamue kiasi, na kamati ipime kwa mizani kila gunia linapoingia na kutoka. Panapoharibika ni pale stoo inapokuwa na ufunguo mmoja kwa mtu mmoja. Na asiyetoa asirudishwe nyumbani; tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mchango si sababu ya kumfungia mtoto geti.

MtaalumaWaKata
Nimewaelewa, asanteni sana. Moja limebaki: waliorudi baada ya kujifungua niwaweke kundi lipi?

Kokotoa
Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo wana haki ya rejesta kama wengine. Kwa takwimu, mbakize kwenye kundi aliloingia nalo kidato cha kwanza, na uandike mwaka aliorudi. Ukimhamishia kundi jipya, la zamani litaonekana limepoteza mtoto na jipya limeongezeka. Usajili wa NECTA nao uangalie mapema, maana akikosa upimaji wa kidato cha pili kwenye kumbukumbu zake, atakwama akifika wa nne.